Johannesburg, Cosford, Dayton au Munich: uende wapi kuziona jeti za mwanzo?

Ndege ya kwanza duniani kuruka kwa injini ya jeti haipo tena. Heinkel He 178 ilipaa karibu na Rostock tarehe 27 Agosti 1939, rubani akiwa Erich Warsitz, zikiwa zimebaki siku chache tu vita vilipuke. Mwaka 1943 ikateketea kwa mabomu ikiwa imehifadhiwa Berlin. Ukiona picha ya mtu amesimama kando yake leo, amesimama kando ya mfano uliotengenezwa baadaye.

Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo swali la kwanza la kuuliza kabla hujalipa nauli: nitakachokiona ni kitu chenyewe au ni mfano? La pili ni utaikaribia ndege kiasi gani. La tatu wapenzi wa ndege hulisahau wakishaanza kuhesabu idadi: je, zimepangwa kiasi kwamba mtu asiye mhandisi anaelewa kwa nini moja ilifaulu na nyingine ikatupwa? Mimi hulipa uzito swali hili la tatu kuliko mengine. Jeti zilizofaulu zilitengenezwa kwa maelfu na utazikuta hata kwenye mizunguko ya barabara, zimechomekwa juu ya nguzo. Zilizoshindwa zilitengenezwa moja au mbili, na ukiikosa hiyo moja basi tena.

Johannesburg: moja tu, lakini hakuna nyingine

Watu wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaopenda ndege za vita huota London au Washington. Wachache wanajua kwamba jeti mojawapo adimu kabisa ya Vita vya Pili iko Saxonwold, Johannesburg, jirani na bustani ya wanyama, katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Kijeshi ya Ditsong. Makumbusho hayo yalifunguliwa na Jan Smuts, waziri mkuu wa Afrika Kusini, mwaka 1947, na ndege yenyewe ilifika Afrika Kusini mwaka huohuo.

Ni Messerschmitt Me 262 yenye namba 8 nyekundu ubavuni. Me 262 ndiyo jeti ya kivita iliyotangulia kuingia kazini, na Wajerumani walitengeneza zaidi ya 1,400. Zilizosalia zinahesabika kwa vidole: Washington, Dayton, Munich, Canberra, Prague na kwingine kuchache. Nyingi kati ya hizo ni za kiti kimoja, za kupigana mchana. Hii ya Johannesburg ni ya viti viwili, ya kuwinda usiku, na ya aina hiyo imebaki hii peke yake duniani. Ilikuwa katika kikosi cha rubani Kurt Welter kilicholinda anga ya Berlin miezi ya mwisho ya vita. Waingereza waliiteka, wakairusha kwa majaribio kwao, kisha wakaipeleka kusini.

Ukifika, anzia puani. Antena za rada zimechomoza mbele kama pembe za kulungu, na hata bila kusoma kibao unaona tatizo: vyuma hivyo vinakabili upepo uso kwa uso, kwa hiyo vilipunguza kasi ya ndege ambayo sifa yake kubwa ilikuwa kasi. Lakini bila hivyo, mtu wa kiti cha nyuma asingeona chochote gizani. Halafu kuna hicho kiti chenyewe. Umbo hili lilitokana na ndege ya kufundishia, na kiti cha pili kilikula nafasi ya mafuta, ikabidi wahandisi waning'inize matanki chini ya pua. Kila ufumbuzi ulizaa shida yake. Mtu akikuuliza vita vya Ujerumani viliishaje, mwonyeshe ndege hii.

Chungulia na injini chini ya mabawa. Jumo 004 ilibidi itengenezwe bila madini ya kutosha yanayostahimili joto kali, kwa sababu Ujerumani ilikuwa imeishiwa. Matokeo yake injini ilikuwa ya kubadilishwa baada ya saa 10 hadi 25 tu za kuruka.

Upungufu wa Johannesburg ni kwamba kwa jeti za mwanzo, hadithi inaishia hapo. Kuna Spitfire, kuna Messerschmitt Bf 109, kuna vifaru na mizinga, ila hakuna cha kulinganisha na hiyo 262. Kwa upande mwingine, Mkenya au Mtanzania haombi viza kwa ziara fupi, na ndege ni ya moja kwa moja. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mwenye bajeti ya kawaida, mimi ningeiweka hii namba moja, na wanaobisha waniambie viza ya Schengen imewagharimu shilingi ngapi.

London na Washington: hadithi moja iliyogawanywa nusu

Watu huzishindanisha hizi mbili, nami naona hawazitendei haki. Zinakamilishana.

Nusu ya kwanza iko Science Museum, London. Hapo ndipo ilipo Gloster E.28/39, jeti ya kwanza ya Uingereza, iliyorushwa na Gerry Sayer huko Cranwell tarehe 15 Mei 1941. Ni ndege halisi, si mfano. Zilikuwa mbili, moja ikaanguka mwaka 1943, hii ikabaki. Ni ndogo kuliko unavyotarajia, na katika ukumbi huohuo kuna injini ya W.1 ya Frank Whittle, mtu aliyepeleka maombi ya hataza ya injini ya jeti mwaka 1930 na kuhangaika miaka mingi kutafuta wa kumwamini. Kiingilio bure, na kituo cha treni cha South Kensington kiko pale pale. Ukiwa na saa mbili tu London kabla ya kurudi Heathrow, zitumie hapa.

Nusu ya pili iko Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Washington. Mwaka 1941 Waingereza walipeleka Marekani injini ya majaribio ya Whittle, W.1X, ili General Electric waige. Injini hiyo imehifadhiwa na Smithsonian hadi leo. Kutokana nayo ikazaliwa Bell XP-59A, jeti ya kwanza ya Marekani, iliyoruka kwenye jangwa la Muroc, California, Oktoba 1942. Ilifichwa kwa siri kubwa kiasi kwamba ikiwa chini walikuwa wakiipachika pangaboi la bandia puani, ili mpita njia aone ndege ya kawaida. Kwa mwendo haikufua dafu: ndege nzuri za pangaboi za wakati ule ziliweza kuiacha. Iliyofuata, Lockheed XP-80 ya mhandisi Kelly Johnson, ilikuwa tayari kwa siku 143 na ikaruka Januari 1944, tena kwa injini ya Kiingereza. Zote mbili za kwanza kabisa, XP-59A na XP-80, ni mali ya Smithsonian.

Hapa pana jambo la kuangalia. Smithsonian ya ndege ina majengo mawili. La katikati ya Washington limekuwa kwenye ukarabati wa awamu kwa awamu, na kuingia unahitaji kukata pasi ya muda maalumu mtandaoni, ingawa hulipi. La pili, Udvar-Hazy, liko Chantilly, Virginia, karibu kabisa na uwanja wa Dulles. Halidai pasi; unalipia maegesho tu. Kabla hujaamua, angalia kwenye tovuti yao ndege unayoitaka iko jengo gani, maana huhamishwa.

Ningelazimika kuchagua moja kati ya hayo mawili, ningekwenda Udvar-Hazy bila kusita, kwa sababu ya Arado Ar 234. Ndiyo ndege ya kwanza ya jeti iliyoundwa kudondosha mabomu ikaingia vitani, na duniani kote imebaki hii moja. Ilikamatwa Norway, ikasafirishwa kwa meli hadi Marekani pamoja na Me 262 kadhaa. Chumba cha rubani ni kioo kitupu mbele, na mtu alikaa humo peke yake. Akikaribia kudondosha bomu aliiachia ndege ijiendeshe yenyewe, akausogeza pembeni usukani, akainama kuchungulia kwenye darubini ya kulengea iliyokuwa katikati ya miguu yake. Peke yake, juu ya nchi ya adui, ameinama.

Ndani ya Udvar-Hazy pia kuna Horten Ho 229, ile ndege isiyo na mkia ambayo mitandaoni imeshavumishwa kuwa ndege ya kujificha na rada iliyotangulia wakati wake. Usiende na matarajio ya video za YouTube. Utakachoona ni sehemu ya kati ya ndege iliyojengwa kwa mabomba ya chuma na plaiwudi, iliyokutwa haijamalizika. Haikuruka kamwe. Iliyoitangulia iliruka, na ilimuua rubani wake Erwin Ziller Februari 1945. Smithsonian hawakuipaka rangi ikang'aa kama mpya; wameihifadhi ilivyo, na kwangu hiyo ni heshima kubwa kuliko ukarabati wa kupendeza macho. Nakajima Kikka ya Japani iliyosalia nayo iko katika hifadhi yao. Ndege ya aina hiyo iliruka mara ya kwanza tarehe 7 Agosti 1945, siku moja baada ya Hiroshima.

Cosford: wanaojua kushindwa

RAF Museum Midlands, makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza, iko Cosford, kati ya Wolverhampton na Telford. Ina kituo chake cha treni, unashuka na kutembea. Kuingia bure. Wageni wengi wa Uingereza huishia tawi la London la makumbusho hayohayo, na kwa Spitfire sawa, hawajakosea. Kwa ndege za majaribio wamekosea.

Zimekusanywa ndege ambazo kila moja iliundwa kujibu swali moja. Je, rubani akilala kifudifudi atastahimili zaidi mizunguko mikali inayomnyima ubongo damu? Hapo ipo Meteor yenye pua ndefu iliyojaribu hilo mwaka 1954: chumba cha mbele rubani amelala tumbo, kidevu kimeegemezwa, na nyuma yake katika chumba cha kawaida amekaa rubani wa pili wa tahadhari. Jibu likawa ndiyo, inasaidia, lakini jaribu kugeuka nyuma kumtazama adui ukiwa umelala kifudifudi. Baada ya hapo vazi la rubani linalobana miguu likaifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo, na wazo likafa.

Je, ndege ya chuma cha pua itahimili joto la mwendo mara mbili ya kasi ya sauti? Hiyo ni Bristol 188. Ni nzuri kupita kiasi, nyembamba, inang'aa. Na haikuwahi kufika mwendo huo, kwa sababu injini zake zilimaliza mafuta kabla ndege haijapata kasi. Kulikuwa na mbili za kuruka, imebaki hii.

Jirani yake ni Fairey Delta 2. Pacha wake, akiendeshwa na Peter Twiss, alikuwa wa kwanza kuvuka maili 1,000 kwa saa katika rekodi rasmi ya dunia, Machi 1956. Pua yake inainama chini ili rubani aone njia wakati wa kutua. Kama umewahi kuona Concorde, ile ndege ya abiria iliyovuka kasi ya sauti, ikitua, ujanja huo unaufahamu. Huyo pacha wa rekodi baadaye alibadilishwa mabawa ili kufanyia utafiti wa Concorde, na leo yuko makumbusho ya Yeovilton.

Na mwisho wa yote TSR2, ndege ya mabomu ambayo Waingereza wa umri fulani bado wanaijadili kwa uchungu. Serikali iliifuta Aprili 1965. Iliyo Cosford ilikuwa imeandaliwa kuruka mara ya kwanza siku hiyohiyo, na haikuruka kamwe. Ile moja iliyokuwa imesharuka mara 24 ilipelekwa ufukweni Shoeburyness kuwa shabaha ya mizinga. Wakanada wana kidonda cha namna hiyohiyo: ndege yao ya kivita Avro Arrow ilifutwa Februari 1959, zote zikakatwakatwa, na makumbusho ya Ottawa yamebaki na kipande cha pua. Kwa hiyo TSR2 nzima, hata isiyoruka, ni bahati.

Kwa swali langu la tatu, Cosford inazishinda zote. Mtoto wa miaka kumi na miwili ataelewa.

Dayton: kubwa, bure, na mbali na kila kitu

Makumbusho ya Taifa ya Jeshi la Anga la Marekani, Dayton, Ohio, hayatozi kiingilio wala maegesho. Hakuna treni ya abiria inayofika mjini humo, kwa hiyo bila gari utateseka. Jengo la nne, lililofunguliwa 2016, ndilo lenye ndege za majaribio. Kabla ya hapo zilikuwa ndani ya kambi ya jeshi na ulipandishwa basi kwenda kuziona.

Kinachowapeleka watu ni XB-70 Valkyrie. Nyeupe, injini sita, urefu zaidi ya mita 56, iliyobuniwa kubeba mabomu ya nyuklia kwa mwendo mara tatu ya kasi ya sauti. Zilitengenezwa mbili. Ya pili iligongana angani na ndege ndogo ya F-104 tarehe 8 Juni 1966, wakati wamepangwa kwa karibu wakipigwa picha, wakafa marubani Joe Walker na Carl Cross. Utatembea chini ya hii iliyobaki na shingo itakuuma.

Lakini mimi nakushauri umalize kuishangaa, kisha ukaitafute XF-85 Goblin. Urefu wake haufiki mita tano. Wazo lilikuwa abebwe tumboni mwa ndege kubwa ya mabomu, maadui wakitokea ateremshwe apigane, kisha arudi ajing'ang'anize kwenye ndoano. Hana magurudumu ya kutulia. Jaribio la kwanza la kurudi, Agosti 1948, upepo wa ndege mama ulimrusha, kioo cha rubani Edwin Schoch kikapasuka kwa kugonga mtambo wa ndoano, akalazimika kutua kwa tumbo jangwani. Mradi ukafutwa mwaka uliofuata. Zilijengwa mbili na zote zipo. Ya pili iko Nebraska.

Kuna mengine ambayo yangetosha makumbusho nzima: X-3 iliyonyooka kama sindano na isiyopata injini za kuifaa, YF-12A pekee iliyobaki, F-22 na mpinzani wake YF-23 aliyeshindwa, X-15 iliyovunja rekodi ya kasi. Tatizo ni wingi huo huo. Ndege zimesongamana, bawa la hii juu ya mkia wa ile, na kupata picha safi ni kazi. Usiende kwa siku moja ukitarajia kuona majengo yote manne. Nenda moja kwa moja la nne asubuhi, kabla miguu haijachoka.

Munich: jeti ya Kiafrika iliyo uhamishoni

Tawi la Deutsches Museum lililoko Schleissheim, nje kidogo ya Munich, halivumi sana. Treni ya S1 inakushusha Oberschleissheim, unatembea kama robo saa. Lina Do 31, ndege ya mizigo yenye injini kumi iliyoweza kupaa wima, na X-31, ndege ya majaribio ya Wamarekani na Wajerumani. Ningekuambia uende hata kama hayo yasingekuwepo.

Sababu ni Helwan HA-300 ya Misri. Mchoro wake ulianzishwa na Willy Messerschmitt akiwa Hispania. Wahispania walipochoka na gharama, serikali ya Nasser ikauchukua mradi mzima ukahamia Helwan, kusini mwa Cairo. Injini ilipewa timu ya Mwaustria Ferdinand Brandner. India iliingia kama mshirika, ikatoa ndege yake ya kivita ya Marut ya kujaribia injini hiyo mpya, na rubani aliyeirusha HA-300 mara ya kwanza, tarehe 7 Machi 1964, alikuwa Mhindi, Kapil Bhargava. Ndege nyepesi ya bawa la pembetatu, iliyokusudiwa kuvuka kasi ya sauti na kuvuka kweli. Mwaka 1969 mradi ukafungwa.

Hiyo ya kwanza iliyoruka ilinunuliwa na Wajerumani miaka ya 1990 ilipoanza, ikarekebishwa kwa muda mrefu, ikawekwa Schleissheim. Ni safi, imetulia, na unaikaribia vizuri. Inaudhi kidogo kwamba Mwafrika anayetaka kuiona ndege hii lazima aombe viza ya Ujerumani. Inaudhi zaidi kwamba vijana wengi wetu wanaijua Horten ya plaiwudi na hawajawahi kuisikia HA-300.

Zilizobaki, kwa haraka

Le Bourget, Paris, ni ya kwenda kama unabadilisha ndege Charles de Gaulle na una nusu siku. Leduc 0.22 na Nord Griffon ni ndege za Kifaransa zilizojaribu injini ya kuunguza mafuta bila feni yoyote kuzunguka, na maumbo yake hayafanani na kitu kingine. Griffon iliendeshwa na André Turcat, aliyekuja kuwa rubani wa kwanza wa Concorde, na Concorde hiyo nayo iko hapohapo.

Monino, nje ya Moscow, ina Sukhoi T-4, jibu la Wasovieti kwa Valkyrie, ambayo pua yake ikiinuliwa rubani haoni mbele. Kwa utajiri wa aina, Monino hukaribia Dayton. Lakini ndege nyingi zimesimama nje kwenye theluji, na miaka inazila. Siiweki juu kwenye orodha yangu kwa sasa.

Mimi ningepanga hivi

Unayeishi Afrika Mashariki na unataka safari moja isiyokuvunja mfuko: Johannesburg, usirudi nyuma. Uko Uingereza kwa masomo au kwa ndugu: Science Museum siku ya mvua, na Jumamosi moja nzima kwa Cosford. Uko Marekani: ukiwa maeneo ya Washington, Udvar-Hazy, kisha Dayton siku mtakapopata gari na dereva wa kupokezana. Uko Ulaya bara: Schleissheim kabla ya Le Bourget.

Mwenye watoto aende Cosford. Mwenye babu aliyekuwa fundi wa ndege amtafutie kiti cha magurudumu Dayton, kwa sababu kumbi ni ndefu na mzee atakataa kutoka.